Ubao wa mawimbi ukipasuka kidogo usikimbilie resini: uzoefu wangu wa kuziba nyumbani hapa Mwanza

#1 Kasia la Luchelele

Wakuu habari za leo.

Mwezi huu watu watatu wamenitumia ujumbe binafsi kuuliza jambo lilelile: "Ubao umegonga jiwe, umepasuka kidogo ubavuni, resini nimeshapata, napakaje?" Nimeona niandike hapa wazi ili na mwingine atakayekwama akute.

Wote watatu niliwajibu hivi: usipake leo. Hata kesho usipake. Kausha kwanza.

Kwa wasiotufahamu, huku Luchelele tuna vijana tunaowafundisha kuogelea na kupanda mbao. Ziwa halina mawimbi ya bahari, najua, ila upepo wa mchana ukishaanza kuvuma kutoka ziwani yanainuka ya kutosha kumsukuma mtoto wa miaka kumi na miwili mpaka mchangani, na ukiiona furaha yake hutauliza tena mbao za nini ziwani. Tuna mbao nne, zote za mtumba. Mbili zilitoka Kigamboni, mbili tuliachiwa na wageni waliomaliza kazi wakarudi kwao. Ukiharibika mmoja sina duka la karibu la kwenda kuchukua mwingine, kwa hiyo kila ufa kwangu ni jambo zito.

Adui wetu mnamjua: mawe. Mji umekaa juu ya mawe, na chini ya maji ni hivyohivyo. Ubao unateleza vizuri, unagusa mwamba uliojificha, unarudi na jeraha la ukubwa wa kucha. Unalitazama unasema hili dogo, kesho tunaendelea.

Hapo ndipo ubao unapoanza kufa. Ubao wa mawimbi ni povu gumu lililovikwa ngozi nyembamba ya faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) na resini (gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu). Ngozi ikiwa nzima, maji hayaingii. Ikipasuka, povu linakunywa. Mwaka juzi ubao wetu mzuri kuliko zote ulipata ufa wa urefu wa kidole karibu na mkia. Mchana nikaupangusa kwa taulo, jioni nikaziba, nikalainisha, ukapendeza kabisa. Baada ya wiki tatu niliuacha juani mchana mmoja tu, nikaukuta umevimba kama andazi ndani ya mafuta. Ngozi imeachana na povu kuanzia mkiani hadi karibu na katikati. Nilipobonyeza kwa dole gumba ilisikika sauti ya maji yakisogea mle ndani. Maji niliyafungia mwenyewe kwa mikono yangu, jua likayapasha moto pamoja na hewa, vikatafuta pa kwenda.

Tangu siku hiyo nafanya hivi.

Ubao ukigonga, unatoka majini saa hiyohiyo. Hakuna "ngoja nimalizie". Nausimamisha kivulini penye upepo, ufa ukiwa chini ili maji yashuke. Vipande vya ngozi vilivyokatika nje nje naviondoa kwa kisu kidogo ili maji yapate njia, halafu nauacha. Ufa mdogo siku nne au tano, uliokunywa sana wiki tatu na zaidi. Jua kali hapana, na msiweke karibu na jiko la mkaa kwa kutaka kuharakisha.

Utajuaje umekauka? Nina njia mbili. Ya kwanza ni karatasi ya chooni: kunja kipande, kiweke juu ya ufa, bandika selotepu pande zote, acha usiku kucha. Asubuhi kikiwa na unyevu, bado. Ya pili ndiyo ninayoiamini zaidi, ni mzani. Naazima ule wa kuning'iniza kwa mama mmoja muuza sangara, nafunga ubao kwa kamba, naandika uzito kwenye daftari kila jioni. Uzito unashuka, unashuka, halafu unasimama. Ukikaa palepale siku tatu mfululizo, naanza kuziba.

Kuziba kwenyewe ni kazi ya jioni moja. Kata povu lililopondeka, lile linalobonyea, ubaki na zima. Piga msasa namba 80 kuzunguka jeraha, vidole vitatu kila upande, mpaka mng'ao wote uishe, maana resini haishiki penye kung'aa. Futa vumbi. Kama kuna shimo, jaza kwanza kwa resini iliyochanganywa na unga mwepesi. Mimi hutumia vumbi la povu ninalopata kwa kupiga msasa kipande cha ubao uliokufa. Likikauka, sawazisha, weka kitambaa cha faiba kilichokatwa kwa mviringo (kona kali hunyanyuka), loanisha kwa resini hadi kiwe kama kioo, toa viputo kwa kipande cha kadibodi. Safu ya pili ya kitambaa iwe kubwa kidogo kuliko ya kwanza. Subiri mpaka siku ya pili, kisha msasa 120, 220, na 400 kwa maji.

Kuna jambo moja kubwa sijaligusa, la aina ya povu na aina ya resini. Nimeliacha makusudi, najua humu kuna mafundi. Karibuni.

#2 Nyegezi Stendi

Mkuu asante kwa uzi. Hiyo resini na faiba umepata wapi hapa mjini? Na bei je?

#3 Kasia la Luchelele

Mkuu, anza kwa mafundi wa boti za faiba, halafu maduka ya rangi za magari. Bei inapanda na kushuka sitaki kukudanganya, ila omba upimiwe robo lita. Jeraha la kidole halimalizi hata hiyo robo, na resini ikikaa muda mrefu stoo inaganda yenyewe. Kitambaa chepesi ndicho kigumu kupata. Mimi niliagiza Dar, kikaja na basi.

#4 Fundi wa Igombe

Kijana umeeleza vizuri, hasa la kukausha. Nimetengeneza mitumbwi ya mbao kabla sijaingia kwenye faiba, na kalafati ni hivyohivyo. Mtumbwi unapandishwa nchi kavu, unapinduliwa, unakauka, ndipo unasukumiza pamba kwenye maungio. Ukisukumiza pamba kwenye ubao uliolowa, ukikauka unanywea na pamba inalegea, unarudi palepale.

Sasa niongezee kuhusu resini, maana hapo watu wanaumia.

Nyingi mtakayouziwa hapa ni polyesta. Inakwenda na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha, ile ya maji maji. Kipimo ni asilimia 1 hadi 2: resini mililita 100, hadina mililita 1 mpaka 2. Kwa joto letu la mchana anzia 1. Msikadirie kwa macho, nunueni bomba la sindano pale famasi, mpime. Ukizidisha, kikombe kinachemka mkononi kinatoa moshi, na resini iliyoiva kwa pupa hupasuka. Ukipunguza sana, inabaki kunata kama ulimbo.

Halafu hili naomba lisomwe mara mbili. Kuna resini inauzwa ikiwa haijatiwa kichocheo (dawa ya kuisaidia hadina ifanye kazi), unapewa chupa tatu: resini, kichocheo cha rangi ya zambarau, na hadina. Kichocheo na hadina HAVIKUTANI vyenyewe. Vikikutana vinalipuka au kuwaka moto. Tia kichocheo kwenye resini, koroga mpaka kienee kabisa, ndipo utie hadina. Na chupa zake zikae mbali mbali. Kama hujui ulichouziwa, rudi ukaulize.

Faiba ya mkeka, ile ya nyuzi zilizotawanyika tunayojengea boti, kwa ubao wa mawimbi ni nzito mno. Tafuteni iliyofumwa, nyepesi, ya gramu kama 130 hadi 140 kwa mita ya mraba. Na ule mkeka usiutie kwenye epoksi, ile resini ya aina nyingine, kabisa. Nyuzi zake zimeshikwa na gundi inayoyeyushwa na polyesta. Kwenye epoksi haiyeyuki, mkeka unabaki mgumu haulali.

#5 Kasia la Luchelele

Shikamoo mzee. Umenitoa tongotongo hapo kwenye mkeka. Kuna siku niliujaribu na epoksi nikadhani epoksi ndiyo mbovu.

#6 Fundi wa Igombe

Marahaba. Epoksi haikuwa na kosa.

#7 Bugando Juu

Wakuu, mimi niwape kisa changu kwa sababu fundi amesema polyesta ndiyo inayopatikana.

Niliachiwa ubao na rafiki aliyehamia Arusha. Ulikuwa na tundu dogo kwenye pua, shilingi mia ingeliziba. Nikanunua resini, nikachanganya kwa kipimo sahihi kabisa, nikamimina taratibu. Resini ikaingia. Nikaongeza. Ikaingia tena. Nikawasha tochi nikachungulia, nikaona lile povu jeupe linarudi nyuma, chembe moja moja zinanywea na kupotea, kama sukari inavyolainika ukingoni mwa chai. Nilipokuja kutambua, tundu la shilingi lilikuwa pango ninaloweza kuingiza ngumi, na juu ngozi imebaki kama ganda la yai.

Hakuna aliyeniambia kwamba kuna povu linaloliwa na polyesta. Ule ubao ulikuwa wa povu la chembe, kama lile linalofungiwa runinga mpya dukani. Muuzaji naye hakuuliza nazibia nini.

#8 Kasia la Luchelele

Pole sana mkuu. Hilo ndilo nililokuwa nasubiri liguswe.

Mbao nyingi ni za aina mbili. Kuna za poliyureteni: ukichokonoa povu linatoka unga laini kama wa mhogo, na ubao wa zamani wa aina hii hugeuka rangi ya siagi. Hizi kwa kawaida zimevikwa polyesta. Na kuna za polistirini, povu la chembe nyeupe unazoweza kuzihesabu, ubao wenyewe mwepesi, umevikwa epoksi.

Epoksi inafaa kwa zote mbili. Polyesta ni kwa ile ya kwanza peke yake. Basi, ukishindwa kutambua, nunua epoksi. Ni ghali zaidi na inachelewa kukauka, ila haitakula ubao wako.

Kipimo cha uhakika hakigharimu kitu: chomoa chembe ya povu ndogo kama punje ya mtama kutoka kwenye jeraha, iweke kwenye kifuniko cha soda, idondoshee tone la asetoni au la hiyo polyesta. Ikiyeyuka, umejua ni povu la chembe. Ujaribu kwenye kifuniko, usijaribu kwenye ubao.

Epoksi nayo ina masharti yake. Uwiano unaandikwa kwenye kopo, kuna za mbili kwa moja, kuna za namna nyingine, na hadina yake haiongezwi kwa kutaka ikauke haraka kama wengine wanavyofanya na polyesta. Ukizidisha inabaki laini milele. Changanya kidogo, itandaze, usiiache imejaa kwenye kikombe maana inajipasha moto. Usiguse kabla ya saa 24.

Bodifila ya magari ni jamii ileile ya polyesta. Kwa hiyo wale wa povu la chembe, msiiguse. Gundi ile ya haraka inayokausha vidole nayo inalila hilo povu.

#9 Mtoto wa Kirumba

Kwa wale wa povu la unga je, bodifila inafaa? Ninayo nusu kopo.

#10 Fundi wa Igombe

Itashika, lakini ni nzito na haina mnyumbuko. Ubao unapinda kidogo kila ukipandwa, bodifila haipindi, inajitenga pembeni na kufungua njia ya maji. Kikwaruzo kisichofika kwenye povu sikukatazi. Penye shimo weka resini na unga mwepesi, juu yake kitambaa. Kitambaa ndicho chenye nguvu, hivyo vingine ni kujaza tu.

#11 Mama Bwiru

Habari zenu. Mimi wanangu wawili wako kwenye hilo kundi la Luchelele, na nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, naomba niseme yangu.

Hiyo hadina ya polyesta ikirukia jicho inaweza kumpofusha mtu. Vaeni miwani ya kukinga, hata ile ya fundi welda. Ikitokea, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, msihesabu kwa haraka, kisha hospitali moja kwa moja. Vumbi la faiba linawasha ngozi na linaingia kifuani, kwa hiyo barakoa, glovu, nguo za mikono mirefu, na ukimaliza oga maji ya baridi kabla ya ya moto. Watoto wasiwepo wakati wa msasa. Waje kuona ubao ukishafutwa.

Na naomba sana, msipigie msasa ufukweni. Watu wanachota maji pale, wengine wanaosha vyombo. Fanyieni uani, zoeni vumbi kwa kitambaa kibichi. Resini iliyobaki iacheni igande kikombeni ndipo itupwe na taka.

La mwisho linahusu watoto wenyewe. Ziwa letu lina kichocho. Dawa zinapogawiwa shuleni msiwafiche watoto, wameze.

#12 Kasia la Luchelele

Mama tumekusikia, na nashukuru umesema la msasa ufukweni, maana nilikuwa nafanya hivyo mwanzoni. Niliacha siku nilipoona vumbi jeupe limeelea juu ya maji na hatua chache mbele bibi mmoja anajaza ndoo.

#13 Kigamboni Asubuhi

Salamu kutoka pwani. Huku nasi tunaziba kila wiki, ila kuna tofauti mbili na nyie.

Sisi tukitaka kujua maji yameingia tunanusa na kuonja ufa, chumvi inasema. Na kabla ya kukausha tunausuuza ufa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi ikibaki ndani inavuta unyevu, povu halikauki. Nyie mna bahati, maji ya ziwa yakitoka yametoka.

Ya pili ni kwa wanaosafirisha mbao kuja huko. Baadhi ya mbao za povu la chembe zina skrubu ndogo ya kupumulia juu, karibu na katikati. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa iliyofungiwa Dar ikifika huko inatanuka na kusukuma ngozi. Legezeni skrubu kabla ya safari, na muikaze kabla ya kuingia majini. Kuikaza ndiko kunakosahaulika.

#14 Nyegezi Stendi

Na kama uko katikati ya mchezo, ufa mdogo, hutaki kurudi nyumbani? Tepu haifai?

#15 Kasia la Luchelele

Mkuu, tepu ngumu ya kijivu juu ya ngozi iliyokaushwa vizuri inaweza kukufikisha jioni, hasa kama ufa haujafika kwenye povu. Mimi siiamini zaidi ya saa moja. Maji ya ziwa yanaipenya pembeni polepole na wewe unaona iko sawa. Na ikisahaulika wiki nzima, inafungia unyevu kama nilivyofungia mimi kwa resini.

Halafu yapo majeraha ambayo hata mimi simalizi nyumbani: tundu la pezi lililong'oka, ubao uliokatika uti wake wa katikati, au ngozi iliyoachana na povu eneo kubwa kuliko kiganja. Hayo nampelekea fundi wa faiba, nami nakaa naye kumwambia povu ni la aina gani.

#16 Mtoto wa Kirumba

Mimi nimeziba jana kwa polyesta (povu la unga, nimepima kwenye kifuniko kama ulivyosema). Mpaka leo mchana juu inanata. Hadina niliweka asilimia 1 na nusu.

#17 Fundi wa Igombe

Usiogope. Resini nyingi za kutandazia faiba hazina nta, na pale zinapogusana na hewa hazikauki vizuri juu. Chini imeshaiva, gonga kwa kucha utasikia. Futa kwa asetoni kidogo kwenye kitambaa, piga msasa, paka safu nyembamba ya mwisho, na hiyo uifunike.

#18 Kasia la Luchelele

Ya kufunikia mimi hutumia ile nailoni ngumu inayoonyesha ya kujaladia madaftari. Kata kipande, laza juu ya resini ingali mbichi, sukuma viputo kutoka katikati kwenda nje, bandika kingo kwa tepu. Hewa haipiti, resini inaiva yote, na ukibandua inatoka laini kama kioo, msasa unabaki wa kingo tu. Ubavuni penye mviringo vuta nailoni ikazike vizuri. Ikijikunja, mkunjo utaganda hivyohivyo.

#19 Bugando Juu

Hiyo ya daftari nimeichukua.

#20 Kasia la Luchelele

Mrejesho, wakuu.

Kuna ubao sikuwaambia. Siku nilipofungua uzi huu ulikuwa umesimama nyuma ya nyumba yangu siku ya sita. Kijana wetu mmoja aliugonga kwenye mwamba, ufa wa sentimita nne ubavuni, povu la chembe. Alikuja nao kichwani, uso umemshuka, hakusema kitu mpaka nilipomwambia aulaze.

Siku ya kwanza mzani ulisoma kilo 4.9. Siku ya kumi 4.5. Siku ya kumi na saba 4.3, na ya kumi na nane, na ya kumi na tisa. Niliziba jioni ya siku hiyo ya kumi na tisa kwa epoksi, safu mbili za kitambaa, nailoni ya daftari juu. Yeye ndiye aliyepiga msasa wa mwisho, uani, na miwani na barakoa, Mama Bwiru asiwe na wasiwasi.

Jana umeshinda majini kuanzia saa tatu asubuhi hadi upepo ulipozidi. Jioni nikaupangusa, nikabandika karatasi ya chooni juu ya kiraka na selotepu pande zote. Leo alfajiri nimeibandua. Kavu. Mzani unasoma 4.3.

Kitambaa chepesi kimebaki kama mita moja. Mwenye ubao uliopasuka, hasa upande wa Ilemela, anijulishe hapa nimkatie kipande. Awe tu ameshaukausha.